Fundi wa Kola Aliyevalishwa Kola

Kola ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu mwenye cherehani. Mshono wa ubavuni utajificha, pindo litajificha, lakini kola imekaa chini ya kidevu cha mtu na kila anayemsalimia anaiona. Mimi nimeshona kola kwa miaka 23, nyingi zikiwa za mashati meupe ya shule, kwenye kibanda changu hapa Tandika, Dar es Salaam. Desemba 2022 na mimi nikavalishwa ya kwangu: ya sponji, imevikwa kitambaa cha rangi ya chai ya maziwa, inafungwa kisogoni kwa velkro. Nilipojitazama kwenye kioo cha wateja, kitu cha kwanza nilichokiona ni mshono wake. Ulikuwa umepinda.

Mambo hayakuanzia hapo. Mwezi wa nane niliamka asubuhi moja shingo haigeuki kulia. Nikasema lile tunalosema wote, nimelalia vibaya, nikaenda kazini nikigeuka mwili mzima kama lori. Baada ya siku tatu ikaachia. Mwezi wa tisa ikarudi, na safari hii maumivu yakashuka mpaka kwenye kombe la bega, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Kila jioni nilikuwa namwita kijana wangu wa kazi anikandamize kwa kiwiko.

Kisha nikaenda kunyoa. Kinyozi wangu ni mtu wa maneno mengi na mikono yenye nguvu. Akimaliza kunyoa hukupiga poda, hukufuta na taulo la moto, halafu huuliza swali ambalo wanaume wa mjini wanalijua: "Nikunyooshe?" Nikamwambia ninyooshe ndugu yangu, maana nimekwisha. Akashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akakizungusha kichwa taratibu mara mbili kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, kisha ghafla: kwa! Mlio kama wa muwa uliovunjwa gotini. Machozi yakanitoka, joto likashuka mgongoni, na kwa siku mbili nilikuwa mtu mpya. Siku ya tatu maumivu yakarudi na ndugu zake. Nikarudi kwa kinyozi. Nilikwenda kama mara sita hivi, na kila mara nafuu ilikuwa inafupika: siku mbili, siku moja, mwisho ikawa haifiki hata nyumbani.

Mama mkwe naye akaleta ushauri wake. Kuna mama mtaa wa pili anayejua kuchua, anatumia mafuta ya nazi aliyoyachemsha na karafuu. Huyo simcheki mpaka leo. Usiku aliponichua ndio usiku niliolala. Ila asubuhi nilikuwa narudi kukaa kwenye stuli ileile, nikiinamia sindano ileile.

Katikati ya hayo nilikuwa nameza diklofenaki, vidonge vya maumivu. Duka la dawa hawakuniuliza kitu zaidi ya "ngapi?" Nilimeza asubuhi na jioni karibu mwezi na nusu, mpaka chembe ya moyo ikaanza kuwaka kama nimekula pilipili kavu. Baadaye ndiyo nikaelezwa kwamba dawa za jamii ile zikimezwa kiholela huweza kutoboa tumbo kwa vidonda, zikapandisha presha na kuumiza figo. Presha yangu ilipopimwa, kweli ilikuwa juu.

Halafu ikaingia Desemba. Mafundi wenzangu wanajua. Shule zinafunguliwa Januari, na mzazi hata umbembeleze mwezi wa kumi alete kitambaa, atakuletea Krismasi imeshapita na atataka sare kesho. Mwaka ule nilikuwa na oda ya mashati 140 kwa mpigo. Nilikaa kwenye cherehani tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano usiku, chakula nikiletewa palepale. Siku moja nikiwa nakata vipande vya kola, mkasi ukanitoka mkononi. Sikuuachia, ulitoka wenyewe. Ukatua kwenye ukingo wa kandambili yangu, kidogo tu uchukue kidole. Nikautazama mkono wa kulia. Dole gumba na kidole cha shahada vilikuwa na ganzi, vinachomachoma kama mtu aliyelalia mkono, na maumivu yalikuwa yametandaza kamba moja kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mkono.

Hospitali niliyokwenda sitaitaja. Nilipigwa picha ya eksirei, daktari akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Mifupa ya shingo imesagika, mzee. Ni umri." Nilikuwa na miaka 47. Akaniandikia vidonge vingine na ile kola. Hakusema niivae kwa muda gani, nami sikuuliza, maana neno "imesagika" lilikuwa limeshanifunga mdomo. Kitu kilichosagika kinarudije? Nikaivaa usiku na mchana. Wateja wakawa wananiambia, "Pole fundi, bodaboda?" Mwanzo nilikuwa naeleza. Baadaye nikachoka, nikawa naitikia tu, ndiyo, bodaboda.

Aliyenitoa huko ni nesi mmoja aliyekuja kupunguza gauni lake la kazi. Akaikodolea macho kola yangu. "Hiyo una siku ngapi nayo?" Nikamwambia wiki ya tatu. "Nani kakwambia wiki tatu?" Sikuwa na jibu. Akachukua kitabu changu cha risiti, akaandika nyuma ya karatasi jina la kliniki ya fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, na siku za kwenda. Nakumbuka nilimuuliza kama kule si kwa watu waliopooza. Ndivyo nilivyokuwa najua: fizio ni ya waliopata kiharusi na watoto waliochelewa kutembea.

Nikamkuta binti wa miaka kama 27, amesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC. Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili, baiskeli isiyo na magurudumu na mipira mikubwa ya kukalia. Mashine niliyoitegemea, ile ya kunilaza ikanyoosha kila kitu, haikuwepo.

"Shikamoo baba. Pole sana. Hebu nieleze tangu mwanzo."

Nikampa bahasha ya eksirei. Akaiweka mezani bila kuifungua. Kwanza maswali. Nimepata homa? Nimepungua uzito bila sababu? Maumivu yananiamsha usiku hata nikiwa nimetulia? Nimewahi kuugua kifua kikuu, au saratani? Nimepata ajali au kuanguka? Miguu inayumba nikitembea? Vifungo vya shati navifunga vizuri? Mkojo unatoka wenyewe? Hapo kwenye mkojo nilitaka kunyanyuka. Mimi nimekuja na shingo, mkojo unahusu nini? Akatabasamu, akasema kila swali lina kazi yake. Nikijibu ndiyo kwa baadhi ya hayo hatanigusa, atanirudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Nilikuja kuelewa mwaka uliofuata, jirani yetu mmoja alipokonda huku akilalamikia mgongo na shingo, akichuliwa kila wiki, mpaka ikagundulika ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alitibiwa kwa dawa, akapona, lakini miezi ilikuwa imepotea. Na homa kali ikija pamoja na shingo iliyokakamaa, hilo si la fizio wala la kinyozi. Ni la kukimbia hospitali usiku huohuo, kwa kuwa inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Swali la mwisho lilikuwa hili: "Baba, ukilala mkono unauweka wapi?"

Nikacheka. Tangu mwezi wa kumi mke wangu alikuwa ananigombeza kwa jambo hilo. Nilikuwa nikilala najikuta nimeweka mkono wa kulia juu ya kichwa. "Toa mkono kichwani," alikuwa ananiambia gizani, "unanitabiria nini?" Kwetu mkono kichwani ni wa msiba. Mimi sikuwa na msiba wowote, ila mkono ukiwa pale maumivu yalikuwa yanapungua. Yule binti akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akanieleza kwamba shingo ina pingili 7, na kati ya ya tano na ya sita unatoka mshipa wa fahamu unaoshuka hadi dole gumba na kidole cha pili. Mshipa wangu ulikuwa umebanwa au umevimba pale unapotokea. Mkono ukipanda kichwani, mshipa unalegea. Mwili wangu ulikuwa umejigundulia dawa yake, sisi tukaiona uchuro.

Akainamisha kichwa changu upande wa kulia, akakikandamiza kidogo sana. Umeme ukapita hadi kwenye dole gumba. Akaacha papo hapo. Akapima nguvu za mkono, akasema kuna udhaifu kidogo na ataupima kila nikija. Ukizidi badala ya kupungua, nitapelekwa kwa bingwa.

Ndipo akaifungua eksirei. "Imesagika" yangu ikafanywa kitu kingine kabisa. Akasema ukiwachukua watu wa umri wangu barabarani, wasio na maumivu yoyote, ukawapiga picha, wengi utawakuta na shingo kama hiyo. Akanitazama shati nililovaa, la kwangu mwenyewe, akasema, "Hili umelivaa miaka mingapi? Ona ukingo wa kola ulivyochakaa. Na bado unalivaa." Sijui kama aliliandaa au lilimjia tu, lakini kwa fundi hakuna maelezo yaliyopita hayo. Nilitoka na kamba niliyokuwa nimefungwa na neno moja ikiwa imekatika.

Kuhusu kinyozi hakucheka. Alisema ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake, ni hewa inayopasuka ndani ya ute wa viungo, ndiyo maana nafuu haikai. Akasema kuna mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo kupitia ndani ya pingili za shingo, na kukikunja kichwa kwa nguvu na ghafla kumewahi kuipasua mishipa hiyo kwa ndani na kumletea mtu kiharusi. Ni nadra, akasema, lakini wewe ulikwenda mara sita. Nikameza mate.

Nilidhani sasa ataanza kunishika. Alinishika, kweli: kifurushi cha moto dakika kadhaa, halafu vidole vyake vikawa vinasogeza pingili moja moja, polepole, wala hakukuwa na mlio. Nilitamani asiache. Dakika kumi akaacha. "Hii ni ya kupunguza maumivu ili uweze kufanya kazi yako," akasema. Nikauliza kazi ipi. Ndipo akanipa zoezi la kidevu. Unakaa wima, unarudisha kidevu nyuma bila kuinamisha wala kuinua kichwa, mpaka unapata videvu viwili, kama mtu anayekwepa kubusiwa na shangazi. Unahesabu mpaka tano, unaachia. Mara kumi. Mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya binti wa umri wa mwanangu.

Nikamwambia ukweli wangu: nilikuja nitibiwe, sikuja kupewa kazi za nyumbani. Akaenda kwenye kona, akarudi na dumu la lita 5 limejaa maji. "Likumbatie kifuani." Nikalikumbatia, jepesi. "Sasa linyooshee mkono mbele." Baada ya muda mfupi mkono ukaanza kutetemeka. "Kichwa chako kina kilo kama hizo, 4 au 5. Wewe unakinyooshea mbele saa kumi na saba kwa siku." Sikumjibu kitu.

Akanituma nimwambie kijana wangu anirekodi kwa simu, kutoka ubavuni, siku ambayo sijui. Kijana alinirekodi Jumatano. Alhamisi tuliiangalia pamoja pale kliniki, nikaona mtu aliyejikunja kama korongo anayevizia samaki, pua iko shibiri moja kutoka kwenye sindano, mabega yamepanda masikioni. Nikauliza huyu ni nani. Yule binti alikuwa anatazama kitu kingine. "Baba, kwa nini uko karibu hivyo? Unaona vizuri?"

Hapo ndipo mzizi ulipokuwa, na hakuna aliyeufikiria, mimi mwenyewe wa kwanza. Kutunga uzi kwenye sindano nilikuwa nimeshamwachia kijana tangu mwaka juzi, nikisema ni kumfundisha. Meseji za wateja nilikuwa nazisoma mkono umenyooka. Nilikuwa nimefika umri wa miwani ya kusomea na nilikuwa nalipa deni la macho kwa shingo. Nikaenda kupimwa, nikapewa ya +1.50. Nilipoivaa mara ya kwanza mbele ya cherehani niliona mishono yangu ya miezi kadhaa jinsi ilivyokuwa. Sitaki kulizungumzia hilo.

Balbu ya kibandani nayo ilikuwa nyuma yangu, kwa hiyo nilikuwa nashona ndani ya kivuli changu mwenyewe. Nikashusha taa ndogo karibu na sindano. Meza nikaiinua kwa vipande vya mbao vya inchi tatu chini ya kila mguu. Cherehani yangu ni Butterfly ya zamani niliyoiwekea mota mwaka 2019, kwa hiyo pedali inakaa sakafuni peke yake na meza ikipanda mguu haudhuriki. Mwenye cherehani ya kukanyaga hawezi kuiga hili, maana pedali itapanda na meza. Huyo aanze na kupunguza urefu wa stuli. Lakini binti alinionya nisije nikadhani kuna mkao mmoja wa ajabu wa kukaa nao kutwa. Mkao wowote ukikaa nao saa tatu utakuumiza, hata ule wa picha za vitabuni. Tukakubaliana kanuni ya kifundi: kila bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ikiisha uzi, nainuka. Natembea hadi mlangoni, kidevu mara kumi, nazungusha mabega, narudi. Siku ya kazi nyingi bobini nazimaliza nyingi.

Mto ulikuwa hadithi yake. Mimi hulala kifudifudi, shingo imegeuzwa upande mmoja usiku kucha, juu ya mto wa sufi alionipa marehemu mama yangu, mnene kama mkate. Sikutaka kuutupa. Usiku ule nikaukalisha magotini, nikafumua mshono wake wa mkono kwa ncha ya mkasi, nikaanza kuchota sufi. Ilikuwa imegandamana mabonge mabonge, na katikati kulikuwa na mbegu chache nyeusi ambazo mama hakuzitoa. Nikatoa karibu nusu, nikalala ubavu kujaribu, nikatoa ngumi nyingine mbili, mpaka mke wangu aliyekuwa ananitazama kisogoni akasema sasa shingo imelingana na mgongo. Nikaushona tena. Mbegu nikazirudisha ndani.

Mazoezi yaliongezeka kidogo kidogo. Kulala chali na kuitikia "ndiyo" ndogo sana bila kuinua kichwa, jambo linaloonekana la kitoto mpaka ulifanye mara kumi uone misuli ya mbele ya koo inavyotetemeka. Kubana makombe ya mabega kama umeshikilia chaki katikati yake. Kuvuta tyubu ya baiskeli niliyoifunga kwenye nondo za dirisha. Kola niliambiwa niivue kwanza saa moja moja, kisha niiache kabisa. Siku chache za maumivu makali ingenifaa, wiki tatu zilikuwa zimeilaza misuli.

Nisidanganye, wiki mbili za mwanzo sikuona kitu, nikamwambia mke wangu tunatupa hela. Nilikuwa nalipa shilingi 15,000 kila nikienda, na nilikwenda mara nane. Wiki ya nne nikagundua nimelala usiku mzima bila mkono kichwani. Ganzi ya dole gumba ndiyo iliyokuwa king'ang'anizi, ilikaa mpaka Aprili. Iliondoka bila kuaga. Siku moja nilikuwa napapasa kitambaa cha satini nikakisikia.

Desemba 2023 ilinikuta nimejisahau. Oda zilipojaa nikaacha kuinuka, tyubu ikageuka kamba ya kuanikia. Kabla ya mwaka mpya shingo ilikuwa imekaza tena na bega linawaka. Tofauti ni kwamba sikukimbilia popote. Nilirudi kwenye bobini, kidevu na maji ya moto, na baada ya siku kumi hivi ikaachia. Kinyozi bado naenda kwake, ananyoa vizuri. Akimaliza na taulo, mikono yake ikianza kutafuta kidevu changu, namshika kifundo cha mkono. Mara ya kwanza alinuna kweli.

Juzi kijana wangu naye amenijia anajipapasa kisogo. Nilimwambia simu aipandishe usawa wa uso, akasema ndiyo fundi, akarudi kuiinamia. Jioni akaniuliza ile kola yangu ya sponji iko wapi, aniazime. Nikamwonyesha mezani. Nilishaikatakata, na kipande kikubwa ndicho ninachochomekea pini na sindano.